Hatua Tatu Nyuma ya Kigingi

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kabla jua halijawa kali, Mpimaji huitoa kamera ya kitengo kwenye kabati la chuma, huifuta kioo kwa ncha ya shati, na kushika njia ya kona ya kaskazini ya bustani. Wageni hawafiki kona hiyo. Wao huja kwa ajili ya bwawa la bata na bembea za watoto, hupigana picha chini ya miti ya maua na kwenda zao. Kona ya kaskazini imezungushiwa waya, na kwenye waya kuna kibao kilichoandikwa ARDHI INAPONA, USIKANYAGE, ingawa herufi mbili za mwisho zimeshaliwa na kutu.

Nyuma ya waya kuna korongo. Kabla mahali hapo hapajawa bustani ya umma, watu walichimba udongo wa matofali, wakauchimba mpaka kilima kikabaki mifupa mitupu, kisha wakahama. Mvua nazo zikaja kumalizia. Mpimaji alipoajiriwa, korongo lilikuwa na kina cha kumficha mtu mzima na mwingine aliyepanda mabegani mwake. Kazi ya kitengo cha kurejesha ardhi ilikuwa kulijaza, lakini si kwa malori. Kila kiangazi walipanga mawe kukata korongo, kimo cha goti tu. Mvua zikija, maji yanapita na tope linabaki nyuma ya mawe. Wakapanda nyasi zenye mizizi mirefu juu ya lile tope, na kiangazi kinachofuata wakaongeza safu nyingine ya mawe. Ni kazi ya kungoja. Vijana wengi waliajiriwa wakaacha baada ya miezi mitatu, wakisema huku kunalipwa watu kuangalia tope likikauka.

Ili ijulikane kama korongo linajaa kweli, ilibidi picha ipigwe kila mwezi kutoka mahali palepale. Ndiyo maana kuna kigingi namba nne, chuma kilichopakwa rangi ya njano, hatua kumi na mbili kutoka ukingoni. Mpiga picha anasimama hapo, visigino viguse chuma. Mtu mwingine anashuka chini kabisa, anasimama mkabala na jiwe jeupe la ukingo wa pili, na kushika ufito wenye pete kumi za rangi, nyekundu na nyeupe kwa zamu. Ukingo unaficha pete za chini. Za juu zinaonekana. Unahesabu zinazoonekana, unaandika kwenye daftari. Chini ikiinuka, pete zinaongezeka. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuelewa.

Mpiga picha alikuwa Mpimaji, na mshika ufito alikuwa mke wake.

Yeye alikuwa kibarua wa mawe, wenzake wakimwita Bi Korongo kwa sababu alikuwa akilisema korongo lile kama mtu anavyomsema mkwe wake. "Leo limekula buti yangu, shenzi kabisa. Leo limenuna." Siku ya picha ya kwanza kabisa, Mpimaji aliona pete mbili, mkono mmoja, na kofia pana ya majani iliyokuwa kama imewekwa tu juu ya nyasi. 

"Unaniona?" sauti ikamjia kutoka chini.

"Naona kofia inayoongea!"

"Na mimi naona kofia yako tu. Nimeolewa na kofia!"

Basi ukawa mchezo wao. Kila mwezi, baada ya kamera kulia, mke alipaza sauti kusema ameona nini. Miaka ilivyokwenda, mume akawa anachomoza kwake kidogo kidogo. Ndevu. Kola. Kifungo cha pili, ambacho kilikuwa kimekatika, na akamtangazia kilima kizima kwamba bwana huyu anavaa shati bila kifungo na nyumbani sindano ipo. Kisha mkanda. Na mume naye akawa anamwona mke akipanda kutoka ardhini, mabega, kiuno, mifuko ya aproni iliyojaa mbegu. Kwenye daftari, penye safu ya ALIYESHIKA UFITO, mke hakuandika jina. Mwezi wa pili aliandika "Mimi tena," na tangu hapo ikawa hivyo ukurasa baada ya ukurasa, kwa herufi zake zilizolala upande kama nyasi za upepo.

"Siku utakayoziona buti zangu," alimwambia mara moja wakiwa wanarudi nyumbani, "siku hiyo unanibeba mgongoni kutoka kigingini mpaka geti kuu. Watu watazame."

"Mgongo wangu huu?"

"Ndiyo maana nasema ufanye haraka kupanga mawe, kabla haujavunjika."

Picha ya mwisho ilionyesha pete nane. Alionekana mpaka magotini. Wiki tatu baadaye aliinama jikoni kuokota kifuniko cha sufuria akashindwa kuinuka. Siku nne hospitali, na siku ya tano Mpimaji akarudi nyumbani na mfuko wa nailoni wenye khanga, kikombe na saa.

Alirudi kazini mapema. Watu walimwambia apumzike, lakini nyumbani ndiko kulikokuwa hakupumzikiki. Jumatatu ya kwanza ilipofika alichukua kamera, akafika kwenye kigingi, visigino vikagusa chuma, akainua kamera jichoni. Chini, mkabala na jiwe jeupe, hapakuwa na kitu. Ukuta wa udongo wa ng'ambo tu, na matundu ya ndege. Akarudi nyuma hatua moja. Ukingo ukapanda kidogo ukafunika kipande cha ule ukuta. Akapiga.

Mwezi uliofuata alirudi hatua mbili. Mwezi wa nne hatua tatu, na hapo ndipo alipoona nafuu, kwa sababu kutoka hapo korongo halionekani kabisa. Unaona nyasi za ukingo huu, zinaungana na nyasi za ukingo ule, jiwe jeupe limekaa juu yake kama kondoo aliyelala. Uwanda mtupu. Hakuna mahali ambapo mtu angeweza kuwa amesimama. Ikawa hivyo mpaka miezi kumi na nne. Penye pete hakuandika kitu, penye mshika ufito hakuandika kitu, na hakuna aliyemuuliza. Ufito wenyewe aliuchukua nyumbani, akausimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Jumatatu hii alipiga ya kumi na nne. Saa nane mchana akaitwa ofisini.

Mkuu wa kitengo alikuwa mwanamke kijana aliyehamishiwa hapo miezi minane iliyopita, mchapakazi, mwepesi wa kucheka, ambaye ofisi yake ilikuwa kule geti kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alisimama Mpimaji alipoingia.

"Shikamoo, mzee wangu. Keti, keti hapa karibu na kompyuta. Nina jambo la kukufurahisha."

Mpimaji akakaa kwenye ncha ya kiti, kofia magotini.

Mkuu alifungua picha mbili kwenye kioo. Kushoto, ile ya kwanza ya miaka yote: shimo jekundu, pete mbili, kofia ya majani. Kulia, ya asubuhi ile: uwanda wa nyasi.

"Tazama mwenyewe," Mkuu akasema. "Limekwisha! Mimi nilidhani ni masihara, nikafungua za mwezi uliopita, na uliotangulia. Korongo limejaa tangu mwaka jana na mko kimya tu, kama mmefanya kitu cha kawaida. Mzee, watu wanapewa vyeti kwa kazi ndogo kuliko hii."

Mpimaji alikuwa anaitazama ile kofia ya majani. Haikuwa kubwa kuliko ukucha.

"Nimeshaandika ripoti," Mkuu akaendelea. "Wakubwa wameipokea kwa mikono miwili. Unajua tunavyosumbuliwa na magari, Jumapili yanapaki mpaka barabarani. Sasa kona ile itakuwa maegesho. Keshokutwa malori yanaleta kifusi, greda linasawazisha, mtambo wa kushindilia unapita. Kwa mwezi mmoja tumemaliza. Na ninyi wa kaskazini nawahamishia kwenye bustani ya maua, kazi laini, kivulini. Umri nao, mzee, lazima tuuheshimu."

Alicheka. Mpimaji naye akafungua mdomo, na maneno yalikuwepo, yalikuwa yamepangana vizuri kabisa kooni: Mkuu, picha hizo si za kweli. Lakini baada ya maneno hayo yangefuata mengine, kwa nini, na hayo hakuwahi kumwambia mtu. Akaigeuza kofia magotini.

"Umefurahi mpaka umekosa la kusema," Mkuu akasema kwa upole.

"Ndiyo, Mkuu," akajibu. Akavaa kofia, akatoka.

Miguu ilimpeleka kwenye kitalu cha miche bila kuiambia. Mwenye kitalu aliitwa Mama Kitalu na bustani nzima, mwanamke mnene wa sauti nene, aliyekuwa rafiki wa mke wake tangu enzi za kubeba mawe pamoja. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akijaza udongo kwenye vifuko vyeusi.

"Shemeji! Uso gani huo? Umekunywa siki?"

"Wanalifukia korongo. Keshokutwa."

"Nani analifukia?"

"Ofisi. Kifusi na greda. Wanafanya maegesho."

Mama Kitalu aliweka kifuko chini. "Korongo lipi? Lile ambalo jana tu nimeshuka kwa makalio kwenda kupandikiza nyasi? Shemeji, lile bado mtu akiteleza anavunjika nyonga. Wanamwaga kifusi juu ya tope bichi? Mvua ya kwanza tu maji yatatafuta njia chini kwa chini, yatabeba kifusi na mawe yetu na magari yao mpaka kwenye bwawa la bata. Hivi huko ofisini hakuna mtu mwenye macho na miguu?"

"Wana picha."

"Picha zipi?"

"Zangu."

Alimweleza. Hakumtazama usoni, alimweleza akiwa anazihesabu kwa kidole safu za vifuko, na alipofika mwisho wa safu alianza tena. Mama Kitalu, ambaye kwa kawaida hakuachi umalize sentensi, alimwacha afike mwisho.

"Hatua tatu," akasema.

"Tatu."

"Mwaka mzima na zaidi. Na kila siku unapita hapa unaniambia salama."

"Ningekuambia nini?"

"Hata uongo wa maana ungeniambia." Alijifuta mikono kwenye khanga. "Mimi nilimpoteza nani wangu, shemeji? Unadhani nikiwa kule chini na nyasi zangu huwa naimba? Mimi huongea naye. Namwambia, mwenzangu, mumeo amekonda. Nenda kamwambie yule binti ofisini."

"Nitaonekana mzee aliyerukwa na akili."

"Utaonekana hivyo hivyo ulivyo. Na usipokwenda, mawe ya mwenzangu yote yanasagwa na greda keshokutwa, na wewe umepewa kivuli cha maua. Chagua."

Nyumba ya wafanyakazi ilikuwa chumba kimoja na sebule, dirisha likitazama ukuta. Jioni ile Mpimaji alichemsha maji ya chai, akamimina, ndipo akaona ametoa vikombe viwili. Ulikuwa umepita muda hajafanya hivyo. Alikirudisha kimoja kwenye kulabu yake bila kukiosha kwa kuwa hakikuwa kimechafuka.

Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu kama kawaida ya Jumatatu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate si chakula, baba. Kazini vipi?"

"Kazini wamenipongeza."

"Jamani! Kwa lipi?"

Aliangalia mlango wa chumba cha kulala. Uliachwa wazi, na kwenye upenyo wa bawaba ilionekana rangi nyekundu, nyeupe, nyekundu.

"Kwa picha," akasema. 

"Mama angefurahi."

"Asingefurahi, mwanangu," akasema, na akashangaa jinsi jambo lile lilivyotoka jepesi. "Angenivua kofia akanipiga nayo. Nitakueleza kesho. Usiku mwema, wasalimie watoto."

Alikaa na simu mkononi. Kisha akaenda nyuma ya mlango akauchukua ufito. Ulikuwa na vumbi, na kwenye pete ya sita, pale mkono wa mke wake uliposhika miaka yote, rangi ilikuwa imefifia ikabaki mbao tupu inayong'aa. Yeye hakuwa amewahi kuiona alama hiyo. Kutoka kigingini, mkono wenyewe ulikuwa umeifunika.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkuu kabla Mkuu hajafika, ufito umesimama kando yake kama mtu wa pili kwenye foleni.

"Mzee, mbona mapema? Na hiyo ni fimbo ya nini?"

"Mkuu, korongo halijajaa."

Mkuu alikuwa anatafuta funguo ndani ya mkoba. Mkono ukasimama.

"Unasemaje?"

"Halijajaa. Picha zile nilipiga nikiwa nyuma ya kigingi. Ukisimama nyuma, ukingo unaficha shimo. Hiyo ndiyo nyasi uliyoiona. Miezi kumi na nne sikusimama pangu hata mara moja."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia. Alipiga moyo konde.

"Aliyekuwa anashika ufito ni mke wangu. Alifariki. Nilikuwa sitaki kupaona mahali pake pakiwa hapana mtu. Nikarudi nyuma kidogo. Kisha nikarudi tena."

Mkuu alifungua mlango, akaingia, hakukaa. Akaweka mkoba mezani. Aliposema, sauti yake haikuwa na kicheko.

"Mzee, ripoti ile ina saini yangu. Nimewaambia watu wazima, kwenye mkutano, kwamba kazi imekwisha. Malori yameshaagizwa. Unajua wataniitaje?"

"Najua. Waambie ni mimi. Kweli ni mimi."

"Na jana ulikaa kwenye kiti hiki ukaniambia ndiyo, Mkuu."

"Nilikaa."

Mkuu alitembea mpaka dirishani akarudi. "Ningeweza kukuandikia barua ya onyo sasa hivi. Na pengine nitaandika. Lakini mimi pia sikuja kuangalia. Miezi minane sijavuka ule waya." Akaketi, akavuta simu ya mezani karibu, hakuiinua. "Siwezi kuwaambia wakubwa kwamba mzee mmoja ameniambia. Wanataka picha, picha ndiyo iliyowadanganya, picha ndiyo itakayowarudisha. Nipe ya kweli. Kutoka kigingini, na ufito chini, na pete zinahesabika. Kabla ya saa sita, malori hayajathibitishwa. Unaweza?"

"Naweza."

"Una mtu wa kushika?"

Mpimaji aliuinua ufito, akatoka.

Mama Kitalu alikuwa amemsubiri kwenye waya, ameshavaa buti za mpira, khanga kaifunga kiunoni kwa fundo la kazi.

"Nipe huo ufito, shemeji. Nashuka mimi. Wewe shika kamera yako, visigino kwenye chuma, na ukirudi nyuma nakurushia jiwe."

Alimnyooshea mkono. Mpimaji akauvuta ufito kifuani. Alikuwa amefikiria njia nzima jinsi itakavyokuwa: atainua kamera, na mkabala na jiwe jeupe patakuwa na mtu. Atamwona mpaka magotini, pengine zaidi, kwa kuwa mvua mbili zilikuwa zimepita. Ataziona buti. Na zitakuwa buti za Mama Kitalu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Saa nne hii!"

"Kamera piga wewe. Ufito nashika mimi."

"Mimi? Mimi nikipiga watu huwa nawakata vichwa! Muulize mwanangu, harusi yake yote ni viatu."

"Kichwa changu hakihitajiki. Zinahitajika pete." Akamvalisha mkanda wa kamera shingoni. "Simama hapa. Visigino vyote viwili. Ukisikia baridi ya chuma, hapo ndipo."

Hakuwa ameshuka tangu msiba. Alipita kwenye vidato walivyokuwa wamekata kwenye udongo, akishika nyasi, na kila kidato jua lilipungua na sauti za bembea za mbali zikafifia, mpaka akabaki anasikia pumzi yake mwenyewe. Kule chini kulikuwa na ubaridi. Safu za mawe zilikuwa zimezama nusu ndani ya tope lililokauka juu, na katikati ya mawe nyasi za Mama Kitalu zilikuwa zimeshika. Kwenye ukuta wa korongo mistari ya udongo ilionekana, mmoja mwekundu, mmoja mweusi, mmoja wa mchanga, kila mvua na mstari wake. Alijua kwamba ile mistari inaendelea kushuka chini ya miguu yake, na kwamba chini huko, ngazi kwa ngazi, kuna mahali mkewe alipokanyaga mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Pote pamefunikwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Alisimama mkabala na jiwe jeupe. Akasimamisha ufito, mkono kwenye pete ya sita, pale palipochakaa. Vidole vyake vilikuwa vinene kuliko nafasi. Kisha akainua macho.

Miaka yote ile alidhani anajua picha hii, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiipiga. Hakujua kwamba kutoka hapa dunia ni kipande cha mbingu, kuta mbili, na mtu mmoja tu juu ya ukingo. Hakuna kingine cha kutazama. Mkewe alikuwa akisimama hapa kila mwezi na kitu pekee alichokuwa nacho mbele yake kilikuwa yeye, kofia kwanza, kisha ndevu, kisha kifungo kilichokatika. Na yeye kule juu alikuwa akihangaika na mwanga.

Sasa juu alisimama Mama Kitalu, kamera imemficha uso, khanga inapepea. Alimwona kiuno, akamwona magoti, akamwona mpaka shingo za buti zilipoanza. Miguu yenyewe ilikatwa na nyasi za ukingo.

"Unaniona?" akapaza sauti. Ilitoka mbaya, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Kule juu kamera ikashuka kidogo kutoka usoni.

"Nakuona, shemeji," Mama Kitalu akajibu, bila utani wowote. "Simama wima. Umeinama."

Akasimama wima. Kamera ikalia. Ikalia tena.

"Hesabu pete!"

"Moja, mbili..." Sauti ilishuka kwake moja moja. "Saba, nane. Tisa! Tisa kamili, shemeji. Ya kumi siioni."

"Na buti zangu?"

"Buti bado! Naona muundi tu. Buti bado zimo ndani."

Tisa. Tangu alipoondoka imepanda moja, na imebaki moja. Mpimaji aliinamisha kichwa kwenye ufito, paji la uso likagusa mbao, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwona uso kutoka kule juu kwa ajili ya kofia, alilia kwa muda uliomtosha. Mama Kitalu hakumwita. Mpimaji alimsikia tu akikohoa kule juu, akimfukuza kwa sauti kunguru ambaye hakuwepo.

Saa tano na nusu Mkuu alizitazama picha mbili kwenye kioo, ya zamani na ya leo. Alizihesabu pete mwenyewe, kwa ncha ya kalamu, mara mbili. Kisha akainua simu. Mpimaji alimsikia akisema, "Hapana, kosa ni la kitengo changu... Ndiyo, najua malori... Njoni mtazame wenyewe, leteni buti," kisha sauti ya mtu anayekaripia ikasikika kutoka kwenye simu. Aliweka simu chini akalifuta jasho sikioni.

"Wamesimamisha," akasema. "Kwa sasa. Wanakuja Alhamisi kuona kwa macho." Akamsogezea daftari la kigingi namba nne. "Lirekebishe hili, mzee. Lote. Sitaki mtu mwingine alisome akadanganyika. Na barua ya onyo nitaiandika, usije ukadhani nimesahau."

"Ni haki yako, Mkuu."

Alilibeba daftari mpaka kwenye kitalu, akakaa juu ya ndoo. Alianza na mistari kumi na minne iliyokuwa mitupu. Penye pete aliandika: Hazikuhesabiwa. Penye mshika ufito: Hakuna. Na pembeni, kwenye nafasi ya maelezo, aliandika kila mara sentensi moja, Mpiga picha alirudi nyuma ya kigingi, akataja na hatua, moja, mbili, mbili, tatu, tatu, tatu, mpaka mkono ukauma. Mstari wa kumi na tano ulikuwa wa leo. Pete: tisa. Aliyeshika ufito: akafikiri, akaandika "Mimi." Kutoka ukurasa wa nyuma yake, wino wa mkewe ulikuwa umepenya karatasi, na herufi zake zilizolala zilionekana kwa mbali, kinyumenyume.

Mama Kitalu alimwekea mche mmoja wa nyasi kwenye goti. "Ukimaliza kuandika, toroli lile hapo. Safu ya juu inahitaji mawe."

"Wakija Alhamisi wakasema wafukie?"

"Watakuta tumeshaongeza safu. Inuka."

Alirudi kwanza kwenye daftari. Aliandika tarehe ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao kwenye mstari wa kumi na sita, akaacha wazi penye pete, akaacha wazi penye mshika ufito. Kisha akaufunga ufito kwa kamba kwenye nguzo ya kitalu, ili usirudi nyumbani, akaenda kuchukua toroli.